Kituo cha kuchaji si kila palipo na soketi

Kituo cha kuchajia gari la umeme ni mahali penye kifaa kilichofungwa kwa kazi hiyo, kinachowasiliana na gari kabla ya kuachia umeme, na kilichowekwa kwa ajili ya mpita njia yeyote ambaye gari lake linaingiliana na plagi yake. Maana yenyewe haina zaidi ya hapo. Kinachonifanya niandike ni maneno ninayoyasikia huku kwetu tangu magari haya yaanze kuonekana mojamoja kwenye barabara ya Tunduma. Mtu anatoka Iringa asubuhi, kesho yake jioni yuko Uyole, Mbeya, anashuka na kutangaza kwamba njiani "amekusanya vituo vinne". Ukimdadisi, cha kwanza ni gesti ya Mafinga, cha pili ni kwa shemeji yake Makambako, cha tatu ni fundi wa kuchomelea pale Chimala, na cha nne ni mteremko.

Naam, mteremko. Tutaufikia.

Mchezo wenyewe wa kukusanya vituo hatukuuanzisha sisi. Tesla, watengenezaji wa magari ya umeme wa Marekani, walifungua vituo vyao sita vya kwanza vya kuchaji haraka, viitwavyo Supercharger, huko California mwaka 2012, na kadiri vilivyoongezeka, wenye magari wakaanza kuhesabu walikofika. Wapo wanaopinda njia kilomita mia na zaidi ili waongeze kimoja. Wana kanuni zao, na ni za maana: gari lazima lipokee umeme, kupita na kupiga picha hakuhesabiki, ukirudi palepale mara kumi bado ni kimoja, na kinachohesabiwa ni mahali, si idadi ya sehemu za kuchajia. Harris Ranch, iliyo njiani kati ya San Francisco na Los Angeles, ina sehemu 98 za kuchajia. Kwa mkusanyaji, hicho ni kituo kimoja. Kwetu mchezo umefika kabla ya vituo, na hapo ndipo soketi zilipoanza kupandishwa cheo.

Nianze na chaja, maana kosa linaanzia huko. Betri ya gari huhifadhi umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja tu. Waya wa nguzo unaleta umeme wa AC, unaogeuka mbele na nyuma. Chaja ni kile kifaa kinachogeuza AC kuwa DC na kupima kiasi cha kuingiza. Kwa simu, chaja ni kile kidude kinachochomekwa ukutani, na watu wanakiita hivyo kwa haki kabisa. Kwa gari lililochomekwa kwenye soketi ya kawaida, chaja iko ndani ya gari lenyewe, imefungwa huko tangu kiwandani. Ule waya wenye kiboksi katikati, ambao kila mtu anauita chaja, hauna chaja ndani yake. Kile kiboksi ni swichi yenye akili kidogo na ulinzi: kinaruhusu, kinakata, kinaangalia umeme usivuje. Mtu anayefika Makambako na kuuliza hotelini "mna chaja?" anauliza kitu alichokuja nacho kwenye buti. Anachohitaji ni umeme, na mahali pa kuegesha ambapo waya utafika.

Hili si suala la ubishi wa maneno tu. Mwenye mashine ya kusaga ana umeme wa fezi tatu, na vijana wanajua kwamba fezi tatu ina nguvu. Hesabu ni rahisi: volti 230, ampia 16 kwa kila fezi, mara tatu, unapata kilowati 11. Basi wanaamini ukilipeleka gari kwenye mashine ya kusaga, litajaa upesi. Lakini Nissan Leaf za mwanzo, zile zilizoanza kuuzwa Desemba 2010 zikiwa na betri ya uniti 24 (uniti zilezile za LUKU: kilowati moja ikivutwa saa moja ni uniti moja), chaja yake ya ndani inapokea kilowati 3.3 tu, tena kwa fezi moja. Mashine inaweza kutoa kumi na moja. Gari linapokea tatu na kitu. Utakaa pale unanusa pumba mchana kutwa, na ungeweza kukaa gesti ukapata karibu kiasi kilekile huku umelala.

Kwenye kituo cha haraka mambo yamegeuzwa. Chaja imetolewa nje ya gari, imewekwa kwenye kabati kubwa la chuma, na umeme unaotoka humo tayari ni DC unaokwenda moja kwa moja kwenye betri. Ndiyo maana unaweza kuwa mwingi kiasi kile; Supercharger za kizazi cha tatu, zilizotangazwa 2019, hufika kilowati 250. Chaja ya ukubwa huo haiwezi kubebwa ndani ya gari dogo. Leaf nyingi za Japani zina tundu la pili kwa ajili ya chaja za namna hii, liitwalo CHAdeMO, jina ambalo Wajapani walilitunga likicheza na maneno yao ya kumkaribisha mtu chai wakati gari linajazwa. Mtu wa Mufindi, kwenye mashamba ya chai, asingeweza kupanga vizuri zaidi.

Tofauti ya kwanza kati ya soketi na kituo, basi, ni kasi. Weka tarakimu kando kwa kando. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampia 13, lakini waya wa gari kwa kawaida huvuta kama ampia 10, kwa sababu unavuta usiku kucha. Ampia 10 kwa volti 230 ni kilowati 2.3. Usiku wa saa kumi unakupa uniti 23, kabla hujatoa kinachopotea njiani kwa joto. Gari dogo likila uniti kama 17 kwa kilomita 100, umepata kilomita mia moja na ushee. Zinatosha kukutoa Mafinga na kukuvusha Makambako. Kabati la kilowati 100 lingekupa uniti hizohizo kwa kama dakika 15, betri ikiwa haijakaribia kujaa na baridi ya Juni haijaigandisha.

Tofauti ya pili ndiyo inayonikera hasa, kwa sababu mimi ni fundi umeme na naitwa baada ya mambo kuharibika. Kituo na gari huzungumza. Ndani ya plagi kuna pini moja nyembamba isiyobeba umeme wa kazi. Hiyo ina volti 12 wakati hakuna kitu. Ukichomeka gari inashuka hadi 9. Gari likisema liko tayari inashuka hadi 6. Na hapo tu ndipo swichi kubwa inajifunga na umeme unapita. Juu ya hiyo kuna mapigo 1,000 kwa sekunde, na upana wa kila pigo unaliambia gari ampia ngapi linaruhusiwa kuvuta. Pigo likijaza nusu ya nafasi yake, maana yake ni ampia 30. Aliyefunga kituo alipima waya wake, akaseti kikomo, na gari linakitii.

Mjuaji ataniambia kwamba kile kiboksi cha kwenye waya nacho kinazungumza na gari hivyohivyo. Ni kweli. Kinazungumza upande mmoja. Upande wa ukutani hakijui lolote. Hakijui kama nyuma ya soketi kuna waya wa milimita 2.5 au fundi alibana matumizi akavuta 1.5 iliyobaki kwenye taa. Hakijui kama waya huohuo unalisha hita ya maji ya vyumba vingine viwili. Nimefungua soketi ya gesti moja siku iliyofuata baada ya gari kulala pale: skrubu ya waya wa laini, ule unaoleta umeme, imelegea, plastiki kuizunguka imegeuka rangi ya kahawa, ganda la waya limekauka hadi linapukutika kidoleni. Kwa nje soketi ilikuwa nyeupe, nzuri tu. Jagi la umeme lingeweza kutumika pale miaka mingi bila shida, maana linavuta dakika chache na kuzima. Gari linavuta saa kumi bila kupumua. Skrubu iliyolegea kidogo haina pa kujificha.

Na ethi, ule waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Viboksi vingi vikikosa ethi vinawasha taa nyekundu na kukataa kazi, na vijana wananipigia simu kwamba "chaja imeharibika". Haijaharibika. Imekuta nyumba ambayo waya wa ethi umeishia ndani ya ukuta bila kufika kwenye rodi, au rodi yenyewe imekatwa wakati wa kujenga baraza. Kuna wanaozunguka hilo kwa adapta za kienyeji. Nawaomba wasifanye hivyo, gari la chuma likiwa nje kwenye majani yenye umande na watoto wanapita.

Tofauti ya tatu ni fupi. Kituo kimewekwa kwa ajili yako hata kama hakuna anayekujua. Kina bei, na ukilipa huna deni la fadhila. Soketi ya gesti imewekwa kwa ajili ya simu na pasi. Mama mwenye gesti alipopanga bei ya chumba aliweka humo taa, televisheni na maji ya kuoga. Hakuweka uniti 23. Akiamka alfajiri akakuta mita inalia na kumbe juzi tu aliingiza umeme, atauliza, tena kwa upole, "Mwanangu, hivi humu ndani mlikuwa mnapika nini?" Kwa shemeji ni vilevile, ila shemeji hatauliza, atamwambia dada yako. Basi likisimama porini abiria wachimbe dawa, wote mmehudumiwa na mmeshukuru, lakini hakuna anayeshuka akasema amepita kituo cha mabasi.

Ule mteremko, sasa. Gari la umeme likishuka, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Anayetoka Makambako kushukia Usangu ataona asilimia zikisimama, pengine zikipanda moja au mbili, na anayeshuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni ataona zaidi. Raha yake naielewa. Lakini hesabu haimwachi mtu: gari la kilo 1,800 likipandishwa mita 1,000 linakula karibu uniti 5 kwa kujiinua peke yake, mbali na upepo na matairi. Likishuka linarudisha sehemu ya hizo, si zote. Kwa hiyo kilichoingia kwenye betri pale ni umeme wako mwenyewe ulioulipia ulikotoka. Hakuna aliyekupa kitu, na hakuna mahali ulipofika. Isitoshe, aliyetoka Makambako na betri imejaa kabisa hatarudishiwa hata hicho, maana hakuna nafasi ya kukiweka; ataishia kukanyaga breki kama wenye malori.

Vijana wangu, safari yenu naiheshimu. Kutoka Iringa mpaka Mbeya kwa kuomba soketi ni kazi kuliko ya yule anayekuta sehemu 98 zinamsubiri na mgahawa pembeni. Ila ipeni jina lake. Semeni "nimechajia Mafinga, nimechajia Makambako", na neno kituo mliweke akiba mpaka mtakapokuta kabati limefungwa, lina bei, na halimjui shemeji yenu. Mkitaka kuhesabu, wekeni daftari mbili. Ya vituo itabaki nyembamba kwa muda, na si vibaya. Ya soketi andikeni vizuri zaidi mnavyoandika sasa: soketi ipi kati ya zilizopo, ilivuta ampia ngapi bila kupata moto, ethi ipo au haipo, na mwenye nyumba aliombwa kwanza na alilipwaje. Atakayepita wiki ijayo na betri imebaki asilimia 12 hatauliza mmefikisha ngapi. Atauliza hayo.