Maneno hayapatikani hukohuko

Kila kikundi cha maigizo kikikaa hapa Unguja kupanga kazi, hakosi mmoja wa kusema: "Mswada wa nini? Tupe kisa tu, maneno tutayapata hukohuko mazoezini." Siku hizi wana na ushahidi. John Kani wa Afrika Kusini, yule aliyemwigiza Mfalme T'Chaka katika Black Panther, mbona alipata tuzo Marekani kwa mchezo uliobuniwa mazoezini? Nimelisikia mara nyingi mno, na linaniudhi, maana linaichukua kazi ngumu ya mtu na kuifanya kisingizio cha uvivu.

Mwaka 1972 Kani na mwigizaji mwenzake Winston Ntshona walitunga mchezo wa Sizwe Banzi Is Dead pamoja na Athol Fugard, mwandishi wa michezo wa hukohuko Afrika Kusini. Walianzia kwenye picha ya studio: mtu anatabasamu, mkono mmoja sigara, mkono wa pili kiko. Nani huyu, na anachekea nini? Wakabuni, wakatupa, wakabuni tena. Mchezo unafunguliwa na Styles, mpiga picha, akisoma gazeti na kusimulia kiwanda cha magari cha Ford, na Kani, aliyemwigiza Styles, alikuwa amefanya kazi Ford kweli. Habari za gazetini aliweza kuzibadilisha. Lakini njia ya kutoka kwenye gazeti hadi kiwandani, kutoka kiwandani hadi studio, mpaka mteja abishe hodi, ilikuwa imeshajengwa. Mwaka 1974 mchezo ukachapishwa kitabuni, na mwaka 1975 Kani na Ntshona wakapewa Tony, ndiyo ile tuzo ya Marekani. Kwao kubuni ndiko kulikokuwa kuandika. Na mwaka 2002, akikaribia miaka 60, Kani alitoa Nothing but the Truth, mchezo alioutunga peke yake. Anayeamini kwamba maneno yanapatikana hukohuko hakai mezani kwa umri ule.

Basi mkitaka kubuni, buni hivi. Rekodi zoezi kwa simu, dakika 20 zisizidi, kwa sababu zikipita hapo waigizaji wanaanza kurudia waliyokwisha kuyasema. Siku ileile andika kila neno lililotamkwa, pamoja na vigugumizi. Usisafishe kwanza. Kesho yake chukua kalamu nyekundu, ufute kila mstari ambao mtu anamwambia mwenzake jambo wanalolijua wote wawili. Hapo ndipo kazi ya kubuni inapooza mara nyingi, maana mwigizaji akikosa la kusema huwaeleza watazamaji kisa. Tazama:

"Mume wangu, mbona umechelewa, na wewe unajua kama mtoto ana homa tangu juzi?"
"Mashine ya chombo iliharibika tukiwa baharini."
"Kila siku mashine! Mimi nimechoka na maisha haya."

Mume anajua mtoto anaumwa. Anayeambiwa hapo ni mtazamaji. Sasa ondoa, ubakishe hivi. Mke anafunua sahani aliyoiwekea kawa, hamtazami.

"Ushakula?"
"Homa vipi?"
"Ileile."

Maneno manne, na hasira yote imo katika lile kawa. Mwigizaji anayeandika anapaswa kuliona hili haraka kuliko mwandishi wa mezani, kwa sababu anajua mkono wake unaweza kusema nini kabla hajafungua mdomo. Lakini akijiandikia mwenyewe huwa anajipa maneno mengi, mwenzake anabaki kuitikia tu. Dawa yake ni kubadilishana: mpe mwenzio nafasi yako aisome, wewe uisome yake. Ukijikuta unasubiri tu zamu ya kusema "ndiyo", mswada una kasoro.

Mazungumzo yale ya mume na mke ni ya kamera. Yapeleke jukwaa la wazi la Ngome Kongwe, "ileile" inachukuliwa na upepo kabla haijafika safu ya tatu. Huko usiongeze sentensi, ongeza tendo lenye mlio: kawa libadilishe liwe sufuria, na mfuniko utue sakafuni. Wengi wanaohamisha mchezo kutoka jukwaani kwenda kwenye filamu hupunguza sauti tu, wakaacha matendo makubwa vilevile, na mwigizaji akaonekana kama amepagawa.

Kuna na jambo la maiki, ambalo mwandishi halifikirii. Maiki ndogo ikibandikwa kifuani chini ya buibui, kitambaa kinaikwaruza kila mwili unapogeuka. Plasta mbele na nyuma ya maiki, na waya uliokunjwa ukabandikwa chini yake, vinasaidia. Lakini mswada ukimtaka mama atengeneze mtandio wake huku akitamka neno zito la onyesho zima, neno hilo limekwenda. Mpe mtandio kwanza, neno baadaye. Adhana na kunguru wa Mji Mkongwe ni shauri la ratiba, sitalirefusha.

Ile kanuni ya ukurasa mmoja kwa dakika moja ya filamu siiamini sana kwa Kiswahili chetu. Salamu peke yake, zikisemwa kama zinavyosemwa kweli, hula nusu dakika, na ukizikata watu wanaonekana hawana adabu. Soma kwa sauti, mkononi saa.

Linalonisumbua zaidi ni lahaja. Ukiandika "nimeshafika", mtu wa mjini ataisoma kama taarifa ya habari, ilhali barazani anasema "nshafika". Ukiandika Kipemba kila herufi, mwigizaji asiyekuwa wa Pemba anakigeuza kichekesho, na hilo ni tusi kwa wenyewe. Kani ndiye aliyependekeza mfalme wake aseme Kixhosa katika Captain America: Civil War ya mwaka 2016, filamu alimomwigiza T'Chaka kabla ya Black Panther, na aliweza kwa sababu ni lugha yake ya kuzaliwa. Nafanya hivi, ingawa sijaridhika nako: naandika mpangilio wa maneno na vitenzi vya mahali penyewe, matamshi namwachia mwigizaji wa mahali hapo. Akiwa hayupo, nafasi hiyo naiandika upya kwa lugha ya yule niliyempata, na ikibidi mhusika anahama Wete, Pemba, anakuja kukaa mtaa wa Ng'ambo hapa mjini Unguja.