Spini 4,096 kwenye kompyuta mpakato: kutafuta halijoto ya mpito na kosa lake

Wavu wa Ising ni modeli ya sumaku: kila nukta ina spini, mshale mdogo unaoelekea juu (+1) au chini (−1), na kila jozi ya majirani huchangia nishati −1 wakielekea upande mmoja, +1 wakipingana. Wavu wa 64 kwa 64 una spini 4,096. Kila spini ukiipa baiti moja, zote zinaenea ndani ya kilobaiti 4, na prosesa ya kompyuta ya kawaida inazimeza bila kuhangaika. Kwa hiyo aliyeko hapa Dodoma, awe chuoni au nyumbani Nkuhungu, hakosi mashine ya kufanyia kazi hii. Kinachopungua mara nyingi ni kosa la takwimu lililokadiriwa kwa haki. Grafu inapendeza, halijoto ya mpito (pale usumaku unapopotea) imeandikwa kwa tarakimu nne, na tarakimu mbili za mwisho hazina cha kuzishikilia.

Tunaanza na Ising ya vipimo viwili kwa sababu jibu lake linajulikana. Mwanafizikia Lars Onsager alilipata mwaka 1944: nguvu ya ujirani ikiwa 1, halijoto ya mpito ni 2 gawanya kwa logi ya asilia ya (1+√2), yaani 2.269185. Programu ikikosea hapa, inakamatwa.

Fikiria shamba la mizabibu la Hombolo lililopandwa kwa mistari. Shina la katikati lina majirani wanne, la pembeni watatu, la kwenye kona wawili. Katika shamba la mashina 10 kwa 10, mashina 36 yako pembeni, na hayo yataharibu kila wastani. Dawa yake ni kuuzungusha wavu: jirani wa kulia wa shina la mwisho ni shina la kwanza la mstari uleule, na juu na chini vivyo hivyo.

Algorithimu ya Metropolis ya 1953 ni fupi. Chagua spini, hesabu nishati itabadilika kwa kiasi gani ukiigeuza, kisha: badiliko likiwa sifuri au hasi, geuza, likiwa chanya, geuza kwa uwezekano wa e kipeo cha (−badiliko ÷ halijoto). Badiliko chanya linaweza kuwa 4 au 8 tu, basi hesabu namba hizo mbili mara moja na uzihifadhi. Kwenye halijoto ya mpito ni 0.171573 na 0.029437. Zako zikitofautiana na hizi, simama hapo hapo.

Jaribio la pili, ambalo wengi wanaliruka na mimi nasisitiza lisirukwe: wavu wa 4 kwa 4 una hali 65,536 tu. Zipitie zote moja moja, pata wastani kamili wa nishati, kisha linganisha na wa programu yako. Usitumie 2 kwa 2, maana jirani wa kulia na wa kushoto wanakuwa mtu yuleyule. Spini zote zikielekea juu, nishati kwa spini ni −2. Ukipata −4, umehesabu kila ujirani mara mbili.

Sasa penye uzito. Raundi moja ni kugusa spini zote mara moja. Baada ya raundi moja wavu bado unafanana sana na ulivyokuwa, na karibu na mpito unaendelea kujifananisha kwa muda mrefu. Nauita muda huo muda wa kumbukumbu. Kwa Metropolis, unakua kama L kipeo cha 2.17 hivi, L ikiwa urefu wa upande wa wavu. Ukiongeza L mara mbili, kumbukumbu inarefuka mara 4.5, na raundi yenyewe ina kazi mara 4, hivyo gharama ya kila sampuli huru inapanda mara 18. Tuseme muda huo ni raundi 500 na umeendesha raundi 1,000,000. Kila sampuli huru inadai mara mbili ya muda huo, hivyo sampuli zako huru ni 1,000, si milioni. Aliyegawanya kwa mzizi wa milioni ametangaza kosa dogo mara 31 kuliko la kweli, na akilinganisha na Onsager atadhani programu imeharibika ilhali iko sawa.

Kulipata kosa la kweli, gawa vipimo kwenye mafungu ya 2, 4, 8, 16 na kuendelea, chukua wastani wa kila fungu, kisha kokotoa kosa kutokana na wastani hizo. Litapanda kadiri fungu linavyokua, halafu litatulia. Namba ya kuandika ni pale linapotulia. Lisipotulia, hujaendesha vya kutosha. Hakuna njia ya mkato.

Kwa usumaku, yaani m, wastani wa spini zote za wavu, chukua thamani bila alama. Wavu wenye mwisho hugeuka wote kutoka juu kwenda chini, na wastani wenye alama unakwenda sifuri hata kwenye baridi. Anza mara moja na spini zote juu, mara nyingine na spini za nasibu, na usianze kupima hadi njia mbili zikutane. Chini ya mpito, mwanzo wa nasibu unaweza kukwama kwenye milia miwili inayouzunguka wavu, moja juu na moja chini. Chora picha ya wavu uione.

Usitafute mpito kwa kilele cha joto maalumu (kasi ya nishati kuongezeka halijoto inapopanda). Kilele hicho kinakua kwa logi tu, na mahali pake panasogea kadiri L inavyobadilika. Tumia kipimo cha Binder: 1 toa wastani wa m kipeo cha 4 gawanya kwa mara tatu ya mraba wa wastani wa m². Kwenye baridi kinaelekea 2/3, kwenye joto sifuri. Chora L = 16, 32 na 64 kati ya 2.20 na 2.34, mistari inakatana karibu na 2.269, kwenye kimo cha 0.61 hivi.

Algorithimu ya Wolff ya 1989 hugeuza kundi zima la spini kwa pamoja na kufupisha kumbukumbu sana. Inaunganisha jirani wenye mwelekeo mmoja kwa uwezekano wa 0.5858 kwenye mpito. Lakini inadai namba nasibu zilizo bora: mwaka 1992 Ferrenberg, Landau na Wong walionyesha kwamba jenereta ya namba nasibu iliyosifiwa kuwa nzuri ilitoa majibu mabaya ikiwa na Wolff, huku ikienda vizuri zaidi na Metropolis. Jaribu jenereta mbili tofauti.

Umeme ukikatika usiku, kuhifadhi spini peke yake hakutoshi. Hifadhi na hali ya jenereta ya namba nasibu. Andika faili jipya kwanza, ndipo ulibadilishe jina lichukue nafasi ya la zamani. Umeme ukienda katikati ya kuandika, la zamani bado lipo.

Ukitaka nadharia za geji, yaani zile ambazo nishati haibadiliki ukigeuza viungo vyote vya nukta yoyote, nenda kwenye ile ya Wegner ya 1971, Z2 ya vipimo vitatu. Alama za +1 na −1 zinakaa kwenye viungo (mistari inayounganisha nukta jirani), si kwenye nukta, na nishati ni hasi ya jumla ya mazao ya viungo vinne vya kila mraba mdogo. Kila kiungo kimo kwenye miraba minne, hivyo jedwali lako la namba mbili linafaa tena, ukiweka beta mahali pa 1 gawanya kwa halijoto. Wastani wa kiungo utakuwa sifuri kila mahali. Hilo si kosa la programu: Elitzur alithibitisha mwaka 1975 kwamba lazima iwe hivyo. Pima mraba, na vitanzi vya Wilson (zao la viungo vya njia iliyofungwa): chini ya beta 0.7614 vinafifia kwa eneo, juu yake kwa mzingo. Kwenye beta 0.2 wastani wa mraba uwe karibu 0.198. Kisha chagua nukta moja, geuza viungo vyake vyote sita. Nishati isibadilike hata chembe. Ikibadilika, jedwali lako la majirani lina kosa.

Kwenye vipimo vinne mambo ni mengine. Mpito unatokea beta 0.4407 na ni wa kuruka, yaani nishati inabadilika ghafla. Ukipandisha beta polepole halafu ukaishusha, mistari miwili haifuatani, na kuongeza raundi kwenye wavu mkubwa hakusaidii, kwa sababu muda wa kuvuka kutoka hali moja hadi nyingine unakua kwa kasi ya kipeo kadiri wavu unavyokua. Baki kwenye L ndogo, na uchore histogramu ya nishati hadi vilele viwili vionekane vyote.