Ukavu ukeni baada ya kukoma hedhi: si kila muwasho ni UTI sugu

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la usalama wa dawa siku hizi yanafanana. Mama amevuka miaka hamsini, hedhi imekoma, haja ndogo inamuunguza na tendo la ndoa limekuwa adhabu. Duka la kwanza la dawa walimwambia ana UTI sugu, akameza antibayotiki. La pili wakasema fangasi. Mara ya tatu akanunua mtandaoni vidonge vya mitishamba vya kuweka ukeni, "vya kusafisha kizazi", na akaletwa kwetu ngozi imeshachubuka.

Hakukuwa na uchafu wa kusafisha. Hedhi ikikoma, homoni ya kike iitwayo estrojeni hupungua, ngozi ya uke hukonda, unyevu hupungua, na pH (kipimo cha uasidi) iliyokuwa chini ya 4.5 hupanda hadi kupita 5. Karibu nusu ya wanawake waliokoma hedhi hupata dalili hizi. Tena haziishi zenyewe kama yanavyoisha majoto ya usiku. Asiyetibiwa huendelea nazo. UTI ya kweli ipo, na umri huu huleta zaidi, lakini huthibitishwa kwa kuotesha mkojo maabara. Muuzaji aliyesikiliza maelezo dirishani hajapima kitu.

Makala haya ni ya wale wasiotumia dawa za estrojeni: waliotibiwa saratani ya matiti, hasa ambao bado wanameza dawa za kuizuia homoni hiyo, na wale ambao hawaitaki tu. Wengi wao wameambiwa wavumilie, ndio utu uzima. Hawana sababu ya kuvumilia.

Kuna bidhaa mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Kilainishi hupakwa wakati wa tendo na kazi yake huishia hapo. Jeli ya kutunza unyevu, kwa mfano yenye asidi ya hyaluroni, huwekwa mara mbili au tatu kwa wiki, mume awepo au awe safarini, kwa wiki kadhaa mfululizo. Aliyeiweka usiku mmoja kisha akasema haifanyi kazi bado hajaitumia.

Someni paketi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 lilishauri osmolaliti ya kilainishi, yaani kipimo cha wingi wa vitu vilivyoyeyuka ndani yake, isizidi 1,200 mOsm/kg, na bora iwe chini ya 380, kwa sababu kilicho kizito kupita hapo huvuta maji kutoka kwenye ngozi ile ile unayotaka kuilainisha. Paketi nyingi hazitaji namba hiyo. Basi angalia viambato: gliserini au propileni glaikoli zikiwa juu kabisa kwenye orodha, tafuta nyingine. Yenye manukato, ladha au ahadi ya "kupasha joto" irudishe rafuni. Mafuta ya nazi au ya mgando hudhoofisha kondomu za mpira, na kukoma hedhi hakumkingi mtu na VVU.

Bei kubwa pia isiwatishe. Mwaka 2018 Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 302: baada ya wiki 12, jeli ya dukani ya kutunza unyevu na hata kidonge cha estrojeni cha kuweka ukeni havikuishinda jeli ya kawaida isiyo na dawa.

Sasa shabu, ndimu na kujifukiza. Najua somo alifundisha kwa nia njema, lakini alikuwa akimfundisha mwali, si mama wa miaka 55. Shabu hukausha, ndiyo kazi yake. Tafadhali acheni.

Zipo dawa za cheti cha daktari. Ospemifeni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, ni kidonge cha miligramu 60 kila siku pamoja na chakula. Haimfai aliyewahi kupata damu kuganda mishipani au kiharusi. Prasteroni, ya mwaka 2016, huwekwa ukeni kila usiku, miligramu 6.5. Huitwa si estrojeni, ila seli za uke huigeuza kuwa homoni, estrojeni ikiwemo, kwa hiyo aliyeugua saratani ya matiti asiianze kabla ya kuongea na daktari wake wa saratani. Ambaye misuli ya nyonga imezoea kujikaza kwa hofu ya maumivu atasaidiwa zaidi na mtaalamu wa fiziotherapia kuliko na jeli yoyote.

Leza inayotangazwa "kurudisha usichana" siipendekezi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo Julai 2018, ikitaja majeraha ya moto na makovu. Mwaka 2021 watafiti wa Australia walifuatilia wanawake 85 kwa miezi 12, wengine wakipigwa leza ya kweli na wengine ya kuigiza. Hakukuonekana tofauti ya maana.

Na ukiona damu, hata tone, baada ya mwaka mzima bila hedhi, usinunue chochote. Nenda hospitali ukapimwe shingo ya kizazi na mji wa mimba.

Kwa wauzaji: Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania, Sura 219, inataka dawa isajiliwe kabla ya kuuzwa na tangazo lake liidhinishwe kabla ya kutoka. Dawa asili nazo zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa hiyo "hii ni mitishamba tu" si utetezi. Bidhaa isiyosajiliwa hukamatwa na kuteketezwa, na mwenye nayo hukabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili.

Kwa mama aliyedhurika, hatukuulizi kwa nini ulinunua. Tunahitaji jina la bidhaa, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda, siku uliyoanza kuitumia, siku dalili zilipoanza, na dawa nyingine unazotumia, ya presha na ya sukari pia. Mhudumu wa kituo chochote cha afya anaweza kukujazia fomu ya madhara ya dawa. Njoo na boksi hata kama limebaki tupu. Bila namba ya toleo hatuna pa kuanzia kuwatafuta waliouziwa shehena hiyo hiyo.