"Baadhi ya siku" ndizo siku zipi?

Programu niliyomtengenezea mnunuzi mmoja wa dagaa hapa Kibirizi ilikuwa na ugonjwa wa kuja na kuondoka. Siku nyingi ripoti yake ilioana na daftari la karani, siku nyingine ndoo zinapungua. Kwa siku mbili nilipekua msimbo na kuwasha seva upya, bila kupata kitu.

Nikaamua kumsumbua mwenzangu wa Dar. Huyo ukimwambia "kaka, mfumo unasumbua" hajibu. Anataka kwa maandishi: umefanya nini, ulitegemea nini, umeona nini. Nikaanza: "Baadhi ya siku ndoo hazionekani kwenye ripoti." Kabla sijatuma nilishamsikia akiuliza, siku zipi?

Basi nikalifungua daftari, nikazinakili tarehe moja moja. Zilifuatana, zote kama wiki moja baada ya mwezi mpevu. Mvuvi yeyote wa Kigoma angeshajua. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukishachomoza taa hazivuti tena. Siku hizo unachomoza usiku wa manane, kwa hiyo baadhi ya mitumbwi hurudi mapema badala ya kungoja alfajiri. Nikaandika: "Ndoo zote zilizopotea zilipimwa kabla ya saa tisa usiku." Vidole vikaganda hapo hapo.

Seva ilikuwa inatunza saa za Greenwich, nasi tuko mbele kwa saa 3. Saa nane usiku ya Kibirizi, kwake ni saa tano usiku ya jana. Ndoo hazikupotea, zilihesabiwa kwenye ripoti ya jana, ambayo hakuna aliyeifungua tena.

Kichwani neno "baadhi" linapita bila kukaguliwa. Hata msimbo, ukiusoma mwenyewe, unasoma ulichokusudia. Wapo watengeneza programu wanaomsimulia tatizo bata wa mpira aliyekaa mezani. Mimi bata hanitoshi, mdomo wangu unateleza sana. Sentensi niliyoiandika hubaki pale ikinitazama.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja: ripoti ikate siku kwa majira ya Dar es Salaam. Ujumbe sikuutuma.

Karani nilipomweleza aliniangalia kwanza. "Kwani mwezi nao unaingia kwenye kompyuta?"