Aliyeuona ufa: uzamili wa usalama wa anga kwa vijana wa Malindi na Lamu

Mwezi uliopita nilikuwa Malindi, nikizungumza na wafanyakazi wa uwanja wa ndege kuhusu usalama. Tulipomaliza, wenzake wakiwa wameshaelekea kwenye chai na mahamri, binti mmoja wa zimamoto alibaki nyuma. "Mwalimu," akaniambia, "mimi nina digrii ya sayansi ya mazingira na huu ni mwaka wangu wa nne hapa. Nataka kusoma zaidi mambo haya, nifike hadi uzamili. Lakini mimi si rubani, si injinia. Watanipokea kweli?"

"Watakupokea, mwanangu," nikamjibu, na gari lilikuwa linanisubiri. Njiani nikaona nimelijibu swali zito kwa maneno mawili. Tena si yeye peke yake anayeuliza. Nimewasikia vijana wanaopakia mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Manda kule Lamu, wakata tiketi, hata wahudumu wa ndani ya ndege. Basi haya hapa, kwa urefu kidogo.

Naanza na ufa. Tarehe 28 Aprili 1988, ndege ya Boeing 737 ya shirika la Aloha iliruka kutoka Hilo kwenda Honolulu, katika visiwa vya Hawaii. Ni safari ya chini ya saa moja. Ilipofika futi 24,000, kipande kikubwa cha paa la mbele kilibanduka. Mhudumu mmoja alivutwa nje na hakupatikana tena. Marubani waliitua ndege ikiwa wazi juu kama mashua, na watu 94 waliobaki wakanusurika. Wachunguzi walikuta ndege ile ilikuwa imesharuka mara 89,680, safari fupi fupi kutoka kisiwa hadi kisiwa, katika hewa ya chumvi. Kila ilipopanda, mwili wake ulijazwa hewa ukatanuka. Kila iliposhuka ukanywea. Viungo vilivyogundishwa vikaachia, kutu ikapenya, nyufa zikaanzia kwenye matundu ya ribiti, misumari inayoshikanisha mabati ya mwili wa ndege. Ukaguzi haukuzikamata. Lakini yuko aliyeona. Abiria mmoja alipokuwa akipanda aliuona ufa kwenye mwili wa ndege. Hakumwambia mtu.

Mtu wa Lamu hana haja ya kufundishwa chumvi hufanya nini kwa chuma. Anaijua kwenye bati, kwenye msumari wa mashua, kwenye bawaba za dirisha. Ndege nyingi ndogo zinazotua Manda hazijazwi hewa kama ile ya Hawaii, lakini chumvi ni ile ile na safari ni zile zile fupi. Ninachotaka ukibebe zaidi ni huyo abiria na kimya chake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na walikuwa wakimsema mwenye nyumba: ufa wake, udongo wake, mkono wake. Katika usafiri wa anga, anayeuona ufa ni mpakiaji, mfagiaji, zimamoto, abiria. Mwenye uwezo wa kuuziba yuko ofisini Nairobi, au ng'ambo kabisa. Kati yao kuna cheo, kuna lugha, kuna haya, kuna hofu ya kupoteza kazi. Uzamili wa usalama wa anga, ukiuvua majina yake makubwa, ni elimu ya njia hiyo iliyo kati ya jicho na mkono.

Somo la mwanzo huwa ni kutofautisha kihatarishi na hatari, na watoto wa pwani hulishika upesi. Mwamba ulio mlangoni mwa bahari ni kihatarishi. Upo usiku na mchana, chombo kiwepo kisiwepo. Hatari ni jambo jingine: kinapita chombo gani, kimeshiba mzigo kiasi gani, ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au ni maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, nahodha anaujua mlango ule au ni mgeni. Mwamba hatuwezi kuung'oa. Tunachofanya ni kupima uwezekano wa kuugonga na uzito wa madhara yake, kisha tunaamua: tungoje maji yajae, tuweke boya, au leo tusipite. Miongozo ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, huifanya hesabu hiyo kwa jedwali. Uwezekano hupewa namba 1 hadi 5, madhara hupewa herufi A hadi E, A ikiwa ndiyo maafa makubwa kabisa. Jambo la 5A halivumiliwi. La 1E laweza kuachwa lilivyo. Jedwali lenyewe mtu hulielewa kwa asubuhi moja. Ugumu ni kusimama mbele ya mkubwa anayetaka ndege iondoke sasa hivi, ukamwonyesha kwa ushahidi kwamba hili ni 4, si 2.

Utasoma ajali nyingi, na nyingine hazitakutoka moyoni. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana uwanjani Tenerife, kwenye ukungu, wakafa watu 583. Nahodha wa moja alianza mbio za kuruka bila ruhusa ya mnara. Mhandisi aliyekuwa nyuma yake aliuliza kama ile nyingine imeshaondoka njiani. Nahodha akajibu kwa uhakika kwamba imeondoka, na mhandisi hakuuliza tena. Misiba ya namna hii ndiyo iliyozaa mafunzo ya ushirikiano wa wafanyakazi wa ndege, ambamo mdogo hufundishwa namna ya kumpinga mkubwa, na mkubwa hufundishwa kusikiliza. Kwetu, ambako mdogo hutanguliza shikamoo na huona vibaya kumkatiza mzee, somo hili linataka busara ya pekee. Sioni kwamba tuiache heshima yetu. Naona tuwafundishe vijana kwamba kumwonya mkubwa akiwa hatarini ni katika kumheshimu, na tuwafundishe wakubwa kushukuru mbele za watu wanapoonywa.

Mbali na hayo kuna takwimu, sheria za anga, uchovu na usingizi, uchunguzi wa ajali. Huu wa mwisho watu wengi huuelewa vibaya. Kwa mujibu wa Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, lengo pekee la uchunguzi huo ni kuzuia ajali nyingine. Kumtafuta wa kulaumiwa ni kazi ya wengine.

Je, kazi ipo? Ipo, na sababu yake ni ya kisheria. Tangu Novemba 2013, Kiambatisho cha 19 kinataka mashirika ya ndege ya kimataifa, viwanja, karakana za ndege, vituo vya kuongoza ndege na vyuo vya urubani viwe na mfumo wa kusimamia usalama. Mfumo hauendi wenyewe, unataka watu. Halafu Kenya tuna bahati ya jirani: ofisi ya ICAO ya kanda ya mashariki na kusini mwa Afrika iko Nairobi, makao ya chama cha mashirika ya ndege ya Afrika, AFRAA, yako Nairobi, na wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaosimamia usalama wa anga, CASSOA, uko Entebbe. Humo kote hutafutwa watu wenye shahada ya pili na mikono iliyoshika kazi.

Uzamili wa usimamizi wa usafiri wa anga ni mlango wa pembeni yake. Huko utasoma uchumi wa mashirika, mipango ya viwanja, mikataba, bei za tiketi. Anayetamani siku moja kuamua kama njia ya kurukia ya Malindi irefushwe, au uwanja unaotajwa katika LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari na njia za usafiri, kwa ajili ya Lamu uwe wa namna gani, aende huko. Ni elimu nzuri. Mimi moyo wangu uko kwenye usalama, nami sifichi.

Sasa vyuo. Ushauri wangu ni uanzie Embakasi, kwenye chuo cha anga cha Afrika Mashariki kilicho chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, kilichoanzishwa 1954. Chukua kozi fupi ya usimamizi wa usalama ujue kama jambo hili linakuingia kabla hujakopa pesa. Nje ya nchi, Cranfield ya Uingereza ni chuo chenye uwanja wake wenyewe wa ndege, na hufundisha usalama pamoja na tabia za binadamu kazini. City St George's ya London hupanga masomo kwa vipindi vya siku chache chache, jambo linalomfaa mtu aliye kazini. Embry-Riddle ya Marekani ina masomo mengi kwa njia ya intaneti. Lund, Sweden, ina uzamili unaosomwa kwa nusu muda, ukiangalia mifumo yote ya hatari, si ndege tu. Sehemu nyingi hutaka shahada ya kwanza katika fani yoyote inayokaribiana, uthibitisho wa Kiingereza, barua za wanaokujua kazini, na maelezo ya kwa nini unataka kusoma. Urubani si sharti.

Nionye mambo mawili. Shahada hii si leseni. Hata ukiwa na uzamili mara mbili, hutarusha ndege wala kutia sahihi ya matengenezo bila leseni ya KCAA, na yeyote anayekuuzia masomo kwa ahadi hiyo anakudanganya. La pili, kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisha shahada ya chuo hicho inatambuliwa hapa nchini. Nimeketi na mzazi wa Lamu aliyeuza shamba la minazi kumsomesha mwanawe chuo cha mtandaoni ambacho cheti chake hakikukubaliwa popote. Sitaki kukaa kikao kama kile tena.

Kuhusu fedha, ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja, na unataka uwe umefanya kazi kwa saa zisizopungua 2,800, yaani kama miaka miwili, kisha urudi nyumbani ukae miaka miwili. Kwa kawaida maombi hufunguliwa Agosti. Upo pia ufadhili wa Jumuiya ya Madola, na HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hukopesha wanafunzi wa uzamili. Mzimamoto wa miaka minne ameshatimiza saa hizo na zaidi.

Nimekuja kwenye jambo ninalolijali kuliko yote, nalo ni tasnifu. Yangu niliiandika kuhusu viwanja vikubwa vya Ulaya, kwa sababu msimamizi wangu alikuwa na takwimu zake tayari. Nilipita vizuri. Niliporudi nyumbani, hakuna hata ukurasa mmoja ulionisaidia Manda. Nawasihi msifanye hivyo, maana pwani yetu imejaa maswali ambayo hayajaandikwa. Kusi la Juni na Julai linamaanisha nini kwa ndege ndogo inayotua kwenye njia fupi, upepo ukiipiga ubavuni? Mwongoza ndege aliyefunga Ramadhani, aliyeamka kula daku na hajanywa maji tangu alfajiri, zamu yake ipangwe vipi ili ibada yake na usalama wa watu vyote vitunzwe? Fomu za kuripoti kasoro nilizozikuta nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Mpakiaji anayezungumza Kiamu, lahaja ya Lamu, nyumbani na Kiswahili kazini ataandika nini humo? Je, akipewa kinasa sauti aseme kwa ulimi wake, ripoti zitaongezeka? Hilo la mwisho lingekuwa tasnifu nzima, na natamani nimpate wa kuifanya.

Kisha kuna ndege wenye manyoya. Januari 2009 ndege ya abiria iligonga bata bukini ikitoka New York, injini zote mbili zikapoteza nguvu, ikatua kwenye mto Hudson. Watu wote 155 waliokoka. Kwetu ni kunguru. Asubuhi ile ya Malindi, kabla ya mafunzo, yule binti alinipeleka hadi ukingoni mwa uwanja akanionyesha nje ya ua, mahali mtu alipomwaga matumbo ya samaki. Kunguru walikuwa wanashuka mmoja mmoja, wakipita chini juu ya majani. "Wakifika arubaini wataanza kugombana, ndipo watakaporuka kuja upande huu," akasema, na wakaja. Mfukoni alikuwa na daftari la shule, kurasa 96, kona zake zimekunjamana kwa jasho. Ndani ameandika tarehe, saa, idadi, na upande wanaokimbilia. Hakuna aliyemwagiza.

Aliponiuliza baadaye kama watampokea, alikuwa ameshika mkononi nusu ya utafiti wake bila kujua. Nimempigia simu tangu hapo, tumezungumza kuhusu barua za wadhamini na kuhusu Agosti. Nimemwomba aongeze safu moja kwenye daftari, ya maji. Wavuvi wa bamvua hawarudi saa za wavuvi wa maji mafu, wala hawarudi na samaki sawa, na matumbo hufuata samaki. Ameshaanza kuandika.