Wanachuo, Kabla ya Kupanga Meza ya Matunda Getini

Tangu muhula huu uanze, ofisi yetu ya afya ya umma hapa Malindi inapokea malalamiko kuhusu wanachuo wanaohimiza watu kula vizuri. Wenye vibanda wanasema vijana husimama mbele ya karai zao wakiwafukuza wateja. Wazazi nao wanauliza nani aliyekagua matunda yaliyokatwakatwa na kugawiwa watoto mtaani. Jibu ni kwamba hakuna aliyeyakagua, kwa sababu hakuna aliyetuarifu.

Nia ya vijana hawa ni njema na naiunga mkono waziwazi. Shinikizo la damu na kisukari si maradhi ya wazee peke yao tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na apate gramu 400 za mboga na matunda. Soda ya nusu lita pekee huweza kuwa na sukari ya gramu 50, takriban vijiko 12 vya chai, na hicho ndicho kikomo cha siku nzima kwa mtu mzima wa wastani. Wanachuo wakiyasema haya bwenini na mtaani, wanatusaidia kazi.

Lakini yapo wanayoyasema ambayo si kweli. Wapo wanaowaambia watu waache chumvi ya pakiti watumie ile ya mawe inayotoka majaruba, yaani mabwawa ya kukaushia maji ya bahari, ya upande wa Gongoni, eti ni ya asili. Chumvi ya jaruba ambayo haijatiwa madini ya iodini haimkingi mtu na rovu, yaani uvimbe wa shingo, na mama mjamzito akikosa iodini, ubongo wa mtoto aliye tumboni huathirika. Chumvi ya kula inayouzwa Kenya lazima itiwe iodini kisheria. Tumelieleza jambo hili mara nyingi, na naomba lisirudiwe tena kwenye mabango.

Wengine wanaonyesha picha za vyakula vya supamaketi, kana kwamba lishe bora ilikuja na meli. Mbaazi kavu zina protini ya karibu gramu 20 katika kila gramu 100. Mchicha upo, mtsunga, ile mboga chungu ya majani, upo, muhogo wa kuchemsha upo, na msimu wa embe ukifika ngowe zinajaa sokoni. Mwanachuo mwenye shilingi chache mfukoni aambiwe habari za hivyo.

Na mama wa kibanda si adui. Jioni moja nilikaa kwa mama mmoja anayeuza viazi karai mtaa wa Barani. Unga wake aliukoroga kwa chumvi ya kutosha, kisha mkebe mwingine wa chumvi ukawa mezani, na kila mteja akinyunyiza kabla ya kuonja. Nikamwomba, "Mama, huu mkebe uweke chini. Anayeutaka atauomba." Akauweka, akabakisha ndimu, pilipili na ukwaju. Hadi naondoka walikuwa wameuomba wawili tu. Tulizungumza pia kuhusu mafuta: yakishakuwa meusi na kutoa moshi mapema, yamwagwe. Na gazeti si karatasi ya kufungia viazi, kwani wino wake huingia kwenye chakula chenye mafuta.

Sasa utaratibu. Kufundisha watu hakuhitaji leseni. Kushika chakula cha umma ni jambo jingine, na hata kikiwa cha bure tahadhari ni ile ile. Kila anayekata, kupika au kupakua awe na cheti cha afya cha mhudumu wa chakula. Cheti hupatikana baada ya kupimwa maabara, kikiwemo kipimo cha choo, na hudumu miezi 6. Miezi 6 ikiisha unapimwa upya, hata kama hujaugua siku moja. Cheti ni cha mtu mmoja, hakiazimwi, na kiwepo pale mezani. Mkiuza, kibali cha biashara cha kaunti kinahitajika pia. Pawepo maji safi ya kunawa yanayotiririka, sabuni, na kifuniko cha kuzuia nzi. Kwa joto letu hili, chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na cha tui kiangaliwe zaidi, maana huchacha upesi.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, na Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura 254, zinampa afisa uwezo wa kuingia, kuchukua sampuli na kuzuia chakula kisichofaa. Kwa kawaida tunaanza na notisi ya maandishi yenye muda wa kurekebisha. Muda ukipita bila marekebisho, suala huenda mahakamani, na hapo kuna faini au kifungo. Kusema "sisi ni wanafunzi tu" si utetezi. Msitufikishe huko.

Njooni ofisini mapema, wala si asubuhi ya siku yenyewe. Mje na barua ya chuo, jina la mmoja wenu atakayewajibika, orodha ya vyakula na mahali mtakapopata maji. Tutapanga siku ya kuja kuiona meza kabla embe la kwanza halijakatwa.