Paa la Schatzalp na wagonjwa wa kifua kikuu

Kila ninapochora wodi ya kifua kikuu, na hiyo ndiyo kazi yangu, akili hunirudisha Davos, mji wa milimani Uswisi, mita 1,560 juu ya usawa wa bahari.

Daktari Alexander Spengler, mkimbizi wa kisiasa kutoka Ujerumani, alifika huko mwaka 1853 kuwatibu wanakijiji. Aliona wenyeji hawaugui kifua kikuu kama watu wa mijini, akaamini siri ni hewa ya mlimani. Februari 1865 wagonjwa wawili walipanda huko katikati ya theluji, wakapata nafuu, na sifa ikaenea. Treni ilifika 1890.

Mwanasayansi Robert Koch alikuwa ameshakitambua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, ila dawa ya kukiua haikuwapo. Kwa hiyo tiba ilibebwa na jengo. Mgonjwa alilazwa nje saa nyingi kila siku, amefunikwa mablanketi, baridi iwe kali kiasi gani, kwa utaratibu aliouanzisha daktari Peter Dettweiler kule Falkenstein, Ujerumani. Vyumba vya wagonjwa vikaelekezwa kusini liliko jua, vikapewa roshani. Ushoroba ukabaki upande wa kaskazini.

Lakini nendeni mkatazame paa! Schatzalp, hospitali ya kifua kikuu iliyofunguliwa mwaka 1900 juu kidogo ya mji, ilisanifiwa na wasanifu majengo Pfleghard na Haefeli. Paa la mgongo lingeporomosha theluji juu ya watu waliolala roshanini, na maji yangeganda kwenye kingo. Wao wakalilaza paa, wakayashusha maji kwa bomba linalopita ndani ya jengo, penye joto, yasigande. Wasanifu wa kisasa walipoanza kulisifia paa bapa miaka ya 1920, Davos ilikuwa imeshalizoea kwa ajili ya wagonjwa wake.

Wengi walikufa hata hivyo. Kilichobadilisha mambo ni streptomaisini na dawa zilizofuata. Mwaka 1959 utafiti wa Madras, India, ulionyesha kuwa mgonjwa anayemeza dawa nyumbani hupona sawa na aliyelazwa. Wakati huo Schatzalp ilikuwa imeshageuzwa hoteli.

Kwetu, hospitali ya Kibong'oto chini ya Kilimanjaro, iliyoanza 1926 kwa imani hiyohiyo ya hewa ya mlima, bado inatibu kifua kikuu. Na kwenye michoro yangu roshani zimepungua, ila madirisha yanayotazamana sijawahi kuyaondoa: hewa iingie huku, itokee kule, ichukue vijidudu alivyokohoa mgonjwa kabla jirani yake hajavivuta.